Unaishi Kitengela, kura yako iko kijijini: tupeane uzoefu

Wanajamvi, salamu. Mimi ni mkazi wa Kitengela tangu 2012. Katika chaguzi kuu tatu nimepiga kura hapa mara moja tu, 2022. Mbili za kwanza nilipanda basi la usiku nikaenda nyumbani, nikamchagulia mama yangu MCA (mwakilishi wa wadi) wa kumtengenezea barabara, kisha nikarudi kwenye mtaa wangu kununua maji ya boza.

Hili linanikera sana. Mji umejaa wapangaji na wenye ploti wanaoamka alfajiri kwenda kazini Nairobi, lakini siku ya kura nusu ya geti zimefungwa kwa kufuli. Na kaunti yetu ya Kajiado si ngome ya mtu. 2022 gavana alitoka chama cha ODM, mbunge wetu wa Kajiado Mashariki ODM, na jirani zetu wa Kajiado Kaskazini wakachagua wa chama cha UDA. Katika kaunti iliyochanganyika hivi, kura chache zinageuza mambo, na sisi tunazibeba kwenye basi.

Idadi ya wanaojitokeza nayo inashuka nchi nzima: 2013 karibu asilimia 86, Agosti 2017 karibu 80, 2022 karibu 65. Kati ya watu zaidi ya milioni 22 walioandikishwa, zaidi ya milioni 7 hawakufika kituoni.

Tuelezane: unapiga kura wapi, na kwa nini huko? Matusi ya vyama tuyaache nje.

Mpangaji, Rongai
Mimi kura yangu iko kwetu, na sababu ni mama. Mwisho wa 2007, vurugu za baada ya uchaguzi zilipozuka, tulikuwa mjini, mimi nikiwa darasa la sita. Tuliondoka usiku na mfuko mmoja wa nguo na redio, kwa sababu jirani mwema alibisha mlango akasema asubuhi isitukute. Tangu siku hiyo mama ana neno moja: ukapige kura mahali ambapo ukilazimika kukimbia, utakuwa umeshafika. Kwa hiyo kila uchaguzi naondoka wiki moja mapema, kabla nauli haijapanda maradufu. 2022 nilikaa kwetu hadi rais alipotangazwa tarehe 15 Agosti na hali ikaonekana shwari. Sijui mwakilishi wa wadi ninayoishi ni nani. Naandika haya nikiona aibu, lakini ndio ukweli.

Mwanzisha mada
Dada, usione aibu. Geti nyingi zilizofungwa zina hadithi kama yako, na wanaowalaumu wapangaji kwa uvivu hawajawahi kuuliza.

Karani wa 2022
Nilifanya kazi kituoni. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo ukikaa pale siku nzima unaanza kuzijua nyuso. Tulifungua saa kumi na mbili asubuhi, foleni ikiwa imefika barabarani, na saa nane mchana chumba kilikuwa kimya. Vijana wachache mno. Wazee walikuja na mikongojo.

Lakini kilichoniuma ni usiku. Kura za rais zilihesabiwa kwanza. Kila karatasi nyeupe iliinuliwa juu, jina likasomwa kwa sauti, mawakala wakanyoosha shingo wote kwa pamoja. Fomu 34A, ile ya matokeo ya rais kituoni, ikajazwa, ikasainiwa, ikabandikwa mlangoni, watu wakaipiga picha. Kisha tukaendelea na nafasi nyingine, na mawakala wawili wakalala vichwa juu ya dawati. Tulipofika kwenye kura za MCA nilikuta karatasi kumi na nne hazina alama yoyote. Mtu amepanga foleni kwa muda wa saa tatu, amepewa karatasi sita, na ile ya mtu atakayeamua taka za mtaa wake zizolewe au zisizolewe ameikunja tupu akaitumbukiza. Mwanamume mmoja aliniuliza mchana, kwa upole tu, "Hii ya mwisho ni ya nani?" Sheria hainiruhusu kumwambia lolote zaidi ya jina la nafasi.

Fundi wa stima, Kitengela
Mimi 2017 nilivaa suti kamili, chama kimoja kuanzia rais hadi MCA, bila kusoma majina. Mwaka uliofuata kisima cha mtaa wetu kikaharibika pampu. Tulienda ofisi ya wadi watu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyejua anayetafutwa anaitwa nani. Tulisoma jina mlangoni. Mbaya zaidi, ndiye niliyempigia kura.

2022 nilichanganya vyama, na kila jina nililiulizia kwanza.

Muuguzi
Niliandikishwa karibu na ninapoishi, lakini siku hiyo nilikuwa zamu kuanzia alfajiri hadi jioni. Vituo vinafungwa saa kumi na moja. Nilifika kumi na moja na dakika ishirini nikiwa na sare, na lango limefungwa. Ukiwa ndani ya foleni saa hiyo ikigonga unaruhusiwa kupiga kura. Ukiwa nje, basi. Anayefanya zamu na ajue hilo mapema, aombe kubadilishana na mwenzake.

Mwanzisha mada
Kwa wanaouliza jinsi ya kuhamisha kura: nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge unalotaka kuhamia, ubebe kitambulisho cha taifa. Unajaza fomu, wanachukua alama za vidole, unachagua kituo kilicho karibu nawe. Mimi nilitoka mapema kuliko nilivyotarajia kwa sababu hakukuwa na foleni. Msisubiri dakika za mwisho, maana daftari hufungwa kabla ya uchaguzi, na wa Agosti 10, 2027 hauko mbali.

Mpangaji, Rongai
Nimerudi. Jumatatu niliomba ruhusa kazini nikaenda kuhamisha. Karani alinionyesha orodha ya vituo, na kimoja ni shule ile ile ninayopita kila asubuhi nikikimbilia matatu. Nikachagua hiyo.

Mama bado sijamwambia.