Mwalimu mahiri apangiwe darasa la kwanza kabla ya la saba

Ndugu wachangiaji, kila tunapojadili elimu ya Tanzania, mazungumzo huishia kwenye madarasa, madawati na matundu ya vyoo. Sipingi umuhimu wake, kwani mtoto anayekaa sakafuni hasomi kwa raha. Ninachopinga ni imani kwamba fedha za vifaa zikishafika shuleni, elimu nayo imefika. Mwaka 2013 na 2014 shirika lisilo la kiserikali la Twaweza liliendesha jaribio la KiuFunza katika shule za msingi 350: baadhi ziliongezewa ruzuku, nyingine walimu wake waliahidiwa malipo ya ziada kulingana na wanafunzi wa darasa la kwanza hadi la tatu waliofaulu majaribio ya stadi za msingi, na nyingine zilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza ufaulu. Ilipoambatana na motisha ya mwalimu, watoto walipiga hatua ya wazi.

Hata hivyo, mwalimu mahiri tuliye naye tunamweka wapi? Mara nyingi hupelekwa darasa la saba, kwa sababu matokeo ya mtihani wa taifa ndiyo yanayotangazwa na ndiyo yanayomweka mwalimu mkuu matatani, huku darasa la kwanza, lenye watoto wengi kuliko yote, likiachiwa yeyote aliyebaki. Huko ndiko mtoto anakopaswa kujua kusoma, kuandika na kuhesabu, na akipitwa hapo atapandishwa darasa mwaka hadi mwaka akinakili ubaoni maneno asiyoyaelewa. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka 6 badala ya 7, kwa hiyo muda wa kurekebisha kasoro za mwanzo unazidi kupungua.

Najua nitajibiwa kwamba mwalimu wa kijijini asiye na nyumba, anayedai malimbikizo yake na kufundisha watoto zaidi ya 100 katika chumba kimoja, hapaswi kubebeshwa lawama. Nakubali kabisa, na inaniuma kuona walimu walioitwa “voda fasta” wakati wa upanuzi wa shule za kata wakidhihakiwa hadi leo, ilhali ni Serikali iliyowapeleka darasani baada ya mafunzo mafupi. Ubora wa mwalimu hauji kwa kumdharau. Hujengwa kwa mafunzo, makazi, mshahara unaofika kwa wakati na usimamizi wa karibu.

Napendekeza mwalimu wa darasa la kwanza na la pili alipwe posho maalumu, na mwalimu mkuu apimwe pia kwa idadi ya watoto wanaomaliza darasa la pili wakisoma kwa ufasaha. Anayepinga atueleze: mtoto aliyefika darasa la saba bila kujua kusoma atafaidika vipi na mwalimu mahiri anayemkuta huko?