MREJESHO: Skana iliyokuwa inatoa giza upande mmoja

Wakuu, nilileta hapa kilio cha skana ya stationery yangu, Mwanga, Kigoma: vyeti vyote vinatoka na giza upande wa kulia. Nilishajiandaa kununua taa mpya.

Taa haikuwa na kosa. Nilipofungua, nikakuta kumbe LED (vile vitaa vidogo) zimekaa ncha moja tu, nyekundu, kijani na bluu, zinawaka kwa zamu. Mwanga unaingia kwenye fimbo ya plastiki angavu, unadundadunda ndani kwa ndani hadi ncha ya pili. Ubavuni kuna vialama vidogo vinavyoutupa kwenye karatasi. Karibu na taa vimeachana, mbele vinasongamana, ili kule mwanga unakopungua karatasi ipate sawa. Aliyebuni hii ana akili, jamani!

Fimbo yangu ilikuwa imechomoka kwenye kibanio upande wa mbali na LED, na vumbi letu la kiangazi limejaa. Nimefuta kwa kitambaa laini kikavu (spiriti niliiogopa, inaweza kuipasua plastiki ile), nikairudisha, nikazima na kuwasha mashine ijipime upya.

Leo nimeskani vyeti vya kuzaliwa asubuhi nzima, vyeupe kote. Aliyesema "usinunue kitu, fungua kwanza", dagaa wako wapo.