Kurejesha jotoridi halisi kutoka vipimo vilivyochanganyika

Swali (Uyole, Mbeya): Habari za kazi, ndugu zangu. Kipimajoto chetu cha shambani huchelewa kuitikia, hivyo kila saa hunipa wastani wenye uzito wa jotoridi lililopita. Je, mkondo halisi, ninaouchukulia kuwa jumla ya nakala za splaini moja (mkunjo laini ulioungwa kwa vipande vya polinomia), kila nakala na kizigeu chake, zilizosogezwa saa hadi saa, waweza kurejeshwa?

Jibu la kwanza: Ndiyo, ndugu, kwa sharti moja. Fanya konvolusheni (wastani wenye uzito unaosogea) ya splaini na mwitikio wa kipimajoto, yaani uzito unaoupa kila wakati uliopita, usome thamani kwenye saa kamili. Mfululizo wa Fourier wa thamani hizo (jumla ya mawimbi, kila wimbi likizidishwa kwa thamani moja) usipogusa sifuri popote, vizigeu vya nakala hupatikana kwa uthabiti. Ukikaribia sifuri, kosa dogo la kipimo hukuzwa mno.

Jibu la pili: Wakati unaosoma thamani nao ni muhimu. Hata bila ucheleweshaji, splaini ya daraja la pili yenye mafundo (mahali vipande vinapoungana) kwenye saa kamili, ikisomwa kwenye saa kamili, hutoa thamani 1/2 na 1/2, na sifuri hutokea katika mfululizo wa Fourier. Ikisomwa kwenye nusu saa hutoa 1/8, 3/4, 1/8, na haitokei.