Mbwa wa jirani kakung'ata, ng'ombe kaingia shambani: tupeane uzoefu wa kupata msaada wa kisheria Arusha na Moshi

Kahawa Chungu
Wakuu, mada hii inajirudia kila mara vipande vipande, tuiweke sehemu moja. Hadithi za nani alifanya nini tuziache. Nataka hatua, karatasi na mahali pa kwenda, kwa watu wa Arusha, Moshi na vijiji vya jirani. Naanza na mbwa.

Kosa kubwa ni kumtafuta wakili kabla ya kushika karatasi. Wakili atakuuliza vitu vinne: RB iko wapi, PF3 iko wapi, mbwa ni wa nani, na yuko wapi sasa hivi. Usipokuwa na majibu, hata wa bure hana pa kuanzia.

RB ni namba ya taarifa yako kituo cha polisi. Ukishaandikisha, unapewa fomu ya PF3 uende nayo hospitali, daktari aijaze, agonge muhuri, nayo irudi polisi. Toa nakala mbili kabla ya kuirudisha. Halafu isome ukiwa bado mbele ya daktari. Mara nyingi panaandikwa "jeraha mguuni", basi. Mwombe aandike jeraha limetokana na kung'atwa na mbwa, ni matundu mangapi, yako wapi, yana kina gani, na tiba uliyoanzishiwa. Miezi sita baadaye kovu limeshakauka, na ile sentensi ndiyo itakayosema kwa niaba yako.

Sindano ya Saba
Kahawa Chungu, umeruka la kwanza kabisa. Kabla ya RB ni maji. Osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 ukitazama saa, si kwa kukadiria. Usipake majivu, mafuta ya taa wala dawa ya meno, na usikubali kishonwe haraka. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu kila mgonjwa hufa, kwa hiyo chanjo haisubiri kesi. Siku ya sindano ya kwanza huitwa siku ya 0, kisha siku ya 3, siku ya 7, na nyingine kadiri daktari atakavyopanga. Ukipata majeraha ya kuvuja damu, muulize pia kuhusu dawa ya kingamwili inayochomwa kuzunguka kidonda, na ya pepopunda. Ukiambiwa chanjo imeisha, usirudi nyumbani. Waulize iko kituo gani, uende siku hiyo hiyo. Waliopo Arusha wana hospitali ya Mount Meru, wa Moshi wana hospitali za Mawenzi na KCMC.

Na mbwa ASIUAWE. Mbwa mzima anafungwa na kuangaliwa siku 10 na afisa mifugo wa kata. Akizivuka akiwa mzima, maana yake hakuwa akitoa virusi mateni siku aliyokung'ata. Vijana wakishampiga mawe na kumfukia, umepoteza jibu hilo, na mwenye mbwa naye amepata la kulalamikia. Kama ameshakufa, usimfukie wala kumchoma, na usimshike kwa mikono mitupu. Piga simu kwa daktari wa mifugo achukue sampuli, maana kinachopimwa ni ubongo. Ndiyo sababu aliyepondwa kichwa hana faida tena.

Nyuki wa Meru
Upande wa sheria sasa. Kuna njia mbili, na zinaweza kwenda pamoja.

Ya jinai: kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu vitendo vya uzembe, na kimemtaja mtu anayeacha kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Hii ni kazi ya polisi na waendesha mashtaka. Mahakama ikimtia hatiani inaweza pia kuamuru akulipe fidia, lakini usiitegemee kama pensheni.

Ya madai: hapa unathibitisha aidha uzembe (geti bovu, mnyororo mrefu, mbwa anaachiwa mchana) au kwamba mwenye mbwa alijua ni mkali. Watu wengi wa Njiro na Shanty Town hawalijui hili: kile kibao cha "HATARI MBWA MKALI" getini hakimkingi mwenye mbwa. Kinaweza kusaidia dhidi ya aliyeruka ukuta. Kwa mtoto aliyepita barabarani, ni ushahidi kwamba mwenye mbwa alijua. Kipige picha kikiwa bado kinaning'inia, kwa sababu wiki inayofuata hutakikuta.

Muda wa kudai ni miaka 3 tangu tukio. Na msikimbilie Mahakama ya Mwanzo eti kwa kuwa ni karibu. Ile inasikiliza zaidi mambo ya mila, sheria ya Kiislamu, na madeni kama ya mikataba. Dai la uzembe la kawaida nyumbani kwake ni mahakama ya wilaya. Kuna walioshinda chini, wakaja kufutiwa kila kitu kwenye rufaa kwa sababu hiyo tu.

Fidia ina sehemu mbili. Hasara maalum ni kila shilingi uliyotoa: sindano, bajaji, siku za kazi. Inadaiwa kwa tarakimu na kuthibitishwa kwa risiti, hakuna kukadiria. Fidia ya jumla, yaani maumivu, kovu na hofu, hakimu anapima mwenyewe. Kwa hiyo bajaji ya kwenda sindano ya siku ya 3 iandikie risiti ya mkono, dereva asaini na aweke namba ya simu.

Mama Kihamba
Nyuki, asante mwanangu, ila wa huku Old Moshi na Marangu hatuanzi na mahakama, tunaanza kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti. Nao wanamaliza mengi. Shida ni ile hati ya suluhu. Inaandikwa "wamesameheana, amelipa elfu hamsini", watu wanapeana mikono, kesho kidonda kinaoza na mwenye mbwa anakuonyesha karatasi.

Andikeni hivi: pesa hii ni ya nini (mfano sindano ya kwanza na ya pili tu), zilizobaki atalipa nani na lini, mbwa atachanjwa tarehe gani na cheti kitaonyeshwa kwa nani, na atafungwa wapi. Mashahidi wawili kila upande, muhuri wa mtaa au kijiji, nakala tatu. Pesa isipitie mkono wa tatu, hata awe askari. Lipaneni kwa simu, ujumbe ubaki.

Bwana Shamba Rau
Ng'ombe na mbuzi shambani: usihesabu peke yako. Mwite mtendaji na afisa ugani siku hiyo hiyo, kabla mahindi hayajainuka au kunyauka. Kosa linaloua madai ni ekari. Mtaani tunasema hatua 70 kwa 70. Mtu akiweka mita badala ya hatua anapata mita za mraba 4,900, wakati ekari ni kama 4,047. Mwenzako akija na futi kamba, unaonekana mwongo hata kwa yaliyo kweli.

Hesabu mashina. Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, punje moja shimoni, mistari 10 ya mita 30 ina mashina kama 1,000. Andika umri wa zao pia, maana yaliyo magotini si sawa na yaliyobeba. Migomba hesabu moja moja, iliyobeba mkungu peke yake.

Na mifugo usiifungie kwako ukingoja pesa. Mkabidhi mtendaji kwa maandishi, la sivyo unageuka mtuhumiwa wa wizi.

Tembo na wanyama wengine wa porini ni mlango tofauti: afisa wanyamapori wa halmashauri, haraka, kwa ajili ya kifuta jasho (cha mazao) au kifuta machozi (cha mtu aliyejeruhiwa au kuuawa). Hicho si fidia, usisubiri thamani ya gunia.

Kahawa Chungu
Mmeniuliza faragha wapi pa kupata wakili wa bure, naweka hapa. Moshi kuna shirika la KWIECO, hasa kwa wanawake na watoto. Arusha kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Kote kuna wasaidizi wa kisheria wa kata. Chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 huduma yao ni bure, na hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani, kwa hiyo anayekuomba "ya kufungulia faili" akupe risiti au mwache. Usipowajua, muulize afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri. Wiki ya Sheria, mwishoni mwa Januari hadi mwanzoni mwa Februari, mawakili wanakaa viwanjani wanasikiliza bila malipo.

Nenda na bahasha moja: PF3, kadi ya chanjo, risiti kwa mpangilio wa tarehe, picha, nakala ya kitambulisho, na ukurasa mmoja wa tukio wenye majina na simu za mashahidi. Aliyeumwa akiwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayedai kwa niaba yake, kwa hiyo ongeza cheti cha kuzaliwa.

Sindano ya Saba
Nyongeza fupi kwa mlioumwa na mbwa wa kampuni ya ulinzi: barua ya madai iende kwa kampuni, nakala kwa mwenye nyumba. Ukimwandikia mlinzi peke yake, atahamishiwa lindo lingine kesho yake.