Mchungaji akichoka anaenda kwa nani?

mke_wa_mtumishi: Wapendwa, mume wangu toka tuhamishiwe usharika mpya usingizi hana, chakula anakisukuma tu, nikisema tutafute mnasihi ananiuliza washarika wakijua je. Na mimi mama mchungaji nimwambie nani jamani

BabuK: Pole mama, kaza maombi.

chaikavu: Babu maombi sawa ila Eliya 1 Wafalme 19 aliomba afe kabisa, malaika akampa mkate na maji akalala tena, mahubiri hakupewa. Kama mko Moshi, hospitali ya KCMC wanatibu afya ya akili, au nendeni mji msikojulikana. Mkuu wa jimbo la kanisa msianze naye, uhamisho wa wachungaji unapitia hukohuko.

mtoto_wa_pasta: Watoto nao waulizeni, sisi tulikatazwa hata kununa kanisani 😅