Tupeane uzoefu: saratani ya ubongo imeingia kwenye familia changa, nini kiliwabeba?

Mama Wawili

Wapendwa, salamu. Mume wangu ametolewa uvimbe kichwani na majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe yamerudi: glioblastoma, saratani ya ubongo ya daraja la 4, lile kali zaidi. Ndoa yetu bado changa. Mkubwa ndiyo kwanza anaanza shule, mdogo bado ananyonya. Karibuni anaanza mionzi pamoja na vidonge vya saratani, temozolomaidi.

Sisi ni watu wa maombi na tutaendelea kuomba. Ila nawaomba mlioipita njia hii mniambie yenyewe ilivyo. Siku zinakwendaje? Mgonjwa anabadilika vipi? Watoto mliwaambia nini? Msaada upi uliwasaidia kweli? Na mliwajibu nini wanaosema kwenda hospitali ni kupungukiwa imani? Hili la mwisho linaniumiza zaidi, maana wanaolisema wanatupenda.

Bado Nipo

Dada yangu, pole sana. Kwetu mimi ndiye niliyekuwa mgonjwa, kwa hiyo nitasema yale ambayo pengine mumeo hana nguvu ya kuyasema sasa.

Uvimbe wangu ulikuwa jirani na sehemu ya ubongo inayoshughulika na maneno, nikapasuliwa nikiwa macho. Ngozi ya kichwa hutiwa ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Walinionyesha picha nizitaje majina. Nilipokwama, daktari alijua pale hapaguswi. Mke wangu alikuwa nje anaomba, mimi ndani nataja picha. Naamini zote mbili zilikuwa kazi moja.

Mionzi: utaratibu wa kawaida kwa uvimbe kama wa mumeo ni vikao 30, siku 5 kwa wiki, wiki 6. Kwanza wanamtengenezea barakoa. Plastiki iliyolainishwa kwa joto inalazwa usoni, inachukua sura yake, kisha inakauka. Kila kikao anafungwa nayo mezani ili kichwa kisisogee hata kidogo. Mionzi haiumi na ni ya dakika chache, kinachosumbua ni kule kubanwa. Akiwa na hofu aseme mapema, wahudumu wana njia za kumsaidia. Mimi nilikuwa na zaburi niliyoikariri tangu utotoni, nikawa naianza mashine inapoanza kuvuma.

Nywele zitanyonyoka pale mionzi inapopita. Uchovu ndio mgeni mkorofi: unaingia polepole, unazidi mwishoni, na unaweza kuendelea wiki kadhaa baada ya kikao cha mwisho. Hapo ndugu wanakuwa wameshapongeza na kurudi makwao, na ndipo mgonjwa anapolala mchana kutwa na mke kuhisi ameachwa peke yake. Waambieni ndugu mapema kwamba mwisho wa mionzi si mwisho wa kazi.

Vidonge anakunywa tumbo likiwa tupu, vizima, bila kuvitafuna wala kuvifungua, na dawa ya kichefuchefu inatangulia. Baada ya mionzi hupumzika kidogo, halafu anarudia kwa mizunguko: siku 5 anameza, kisha anasubiri hadi siku 28 zitimie. Damu hupimwa mara kwa mara kwa sababu dawa hushusha kinga.

Sasa la mabadiliko. Kama anatumia deksamethasoni, dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo, jiandae. Inaleta njaa isiyokwisha, inafukuza usingizi, inavimbisha uso, inapandisha sukari, na inawasha hasira kwa jambo dogo. Niliwahi kumfokea mtoto kwa kudondosha kijiko, nikaona macho ya mke wangu yamejaa machozi. Yeye akasema, "Hii ni dawa inaongea." Neno hilo lilituokoa mara nyingi. Mwambieni daktari, maana kiasi kinaweza kupunguzwa. Lakini asiiache ghafla kwa uamuzi wake, ni hatari.

Subira

Assalaam alaykum dada. Mwenyezi Mungu amponye mumeo na akupe nguvu.

Nami niliambiwa maneno hayohayo. Jibu langu lilikuwa fupi: Mtume wetu aliulizwa na mtu kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akamwambia amfunge na ategemee. Hospitali ndiko tulikomfunga ngamia. Wakristo nao wana Luka, aliyeitwa tabibu mpendwa. Anayesema dawa inapingana na imani, muulize aliyeumba mikono ya daktari ni nani. Sema kwa upole, kisha usibishane. Nguvu zako zina kazi nyingine.

Msaada: watu wengi watasema "ukihitaji chochote niambie". Wana nia njema, lakini mtu aliyelemewa hawezi kukaa kuwagawia watu kazi. Kwetu wifi yangu alijitwika jambo hilo. Yeye peke yake ndiye aliyepigiwa simu, yeye ndiye aliyetoa habari kwa ukoo, na yeye ndiye aliyepanga nani anampeleka mgonjwa kwenye mionzi, nani anawachukua watoto shule, nani analala hospitalini. Mimi nilibaki mke. Tafuta mtu mmoja wa namna hiyo, awe mtu wa kumaliza jambo kuliko mtu wa maneno mengi.

Na wageni: mgonjwa wa kichwa huchoshwa na sauti. Wifi alikuwa mlangoni anawaambia, "Dua moja fupi, halafu tumwache apumzike." Waliokasirika walikuja kuelewa.

Baba Binti

Kwetu aliyeugua ni mtoto. Medulloblastoma, saratani ya ubongo inayowapata zaidi watoto, nyuma ya kichwa, kwenye sehemu inayoshika mizani ya mwili. Alianza kwa kutapika asubuhi na kuumwa kichwa, halafu akawa anayumba akitembea.

Upasuaji ulikwenda vizuri, akaamka, akaniita baba. Siku chache baadaye akanyamaza kabisa. Hakuongea, hakunitazama, alikuwa analia tu. Madaktari walitueleza kwamba hali hiyo inajulikana, huwapata baadhi ya watoto baada ya kupasuliwa sehemu hiyo, na kwa wengi sauti hurudi ingawa kwa kujikongoja. Nilisikia kwa masikio, moyo ukakataa.

Naomba niseme wazi: kipindi kile sikuweza kuomba. Nilikuwa nakaa kanisani mdomo umefungwa kama wa binti yangu. Mzee mmoja wa kanisa akanikumbusha habari ya yule mwenye kupooza aliyeshushwa kupitia darini. Yesu aliiona imani ya wale wanne waliombeba, na mwenye kulala kitandani hatusomi kwamba alisema neno lolote. Akaniambia, "Wewe lala, sisi tunabeba." Mama Wawili, siku ukishindwa kuomba, usijihukumu. Waache wengine waombe.

Sauti ilirudi. Kwanza neno moja moja, tena kwa mnong'ono, baadaye sentensi. Mazoezi ya kuongea na ya kutembea yalichukua muda mrefu, na shuleni bado anahitaji muda zaidi ya wenzake. Nashukuru kila neno analosema, hata anaponijibu kwa ukaidi.

Mama Wawili

Nalia na kushukuru kwa pamoja. Baba Binti, kama una mtoto mwingine, ulimwambia nini? Mkubwa wangu ameanza kukojoa kitandani, na jana ameuliza kama baba ameumwa kwa sababu yeye alimrukia kichwani.

Baba Binti

Kaka yake naye alikuwa na hofu kama hiyo: alidhani dada ameugua kwa sababu waligombana. Tulimwambia mambo matatu, tukayarudia kila alipouliza. Hujasababisha. Hauambukizi, unaweza kumkumbatia. Na daima atakuwepo mtu mzima wa kukutunza. Tuliuita ugonjwa kwa jina lake, kwa sababu tukisema tu "anaumwa", siku yeye mwenyewe akipata mafua ataogopa kufa. Akiuliza kama atapona, tulisema: "Madaktari wanafanya kazi kwa bidii, sisi tunaomba, na tukijua jambo jipya tutakwambia." Hatukuahidi tusiloweza kulitimiza. Mwalimu wake aambiwe pia.

Nesi wa Usiku

Naongeza ya kitaalamu, maana nimeona familia nyingi zikishtushwa na kifafa.

Akianza kutetemeka na kupoteza fahamu: ondoa vitu vigumu karibu naye, weka kitu laini chini ya kichwa, mlaze ubavu, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu kuzuia mtetemeko. Ukipita dakika 5, au kikifuata kingine kabla hajazinduka, ita msaada wa dharura. Mfundishe kila anayebaki naye nyumbani. Dawa za kifafa asiziruke hata siku moja, na asiendeshe gari mpaka daktari aruhusu.

Akiwa kwenye vidonge vya saratani, homa ya nyuzi 38 ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Na jambo ambalo wanandoa vijana huona aibu kuliuliza: dawa hii inaweza kudhuru uwezo wa kupata mtoto. Kama mnatamani mwingine, muulize daktari kuhusu kuhifadhi mbegu kabla hajaanza kumeza. Na wakati wa matibabu msibebe mimba.

Mjane Mwenye Shukrani

Nilisita kuandika, kwa sababu mume wangu hakupona. Lakini umeomba yenyewe ilivyo.

Ugonjwa ulikuwa huohuo. Kuhusu takwimu, ulizeni mkiwa tayari, na mgonjwa mwenyewe aulizwe kama anataka kuzisikia. Wangu alitaka. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kuunganisha temozolomaidi na mionzi kuliongeza waliokuwa hai baada ya miaka 2 kutoka takriban mtu 1 kati ya 10 hadi takriban 1 kati ya 4. Tuliomba awe miongoni mwa hao. Hakuwa.

Msibani mtu aliniambia tungeomba zaidi. Sikumjibu. Najua tulivyoomba. Namjua pia Mungu aliyekaa nasi chumba kile, na sitakubali imani ya mume wangu ipimwe kwa urefu wa maisha yake.

Ninachoshukuru ni kwamba tuliongea wakati bado anaweza kuongea. Alirekodi sauti akiwasimulia watoto hadithi. Tuliandika mambo ya akiba, nyumba, na nani atawalea watoto nami. Hilo halikuwa kukata tamaa. Baada ya kuliandika alilala vizuri kuliko siku zote, tukaendelea na matibabu kama kawaida. Waombeni pia watu wa tiba shufaa waingie mapema. Wanasaidia maumivu, usingizi na hofu hata kwa anayetibiwa ili apone.

Bado Nipo

Mama wa watu, Mungu akutunze.

Mama Wawili, nimebakiza moja. Picha ya kwanza ya ubongo (MRI) baada ya mionzi inaweza kuonyesha doa limekua, na isiwe saratani inayokua: mionzi yenyewe huweza kuvimbisha pale ilipopita. Sisi tulipopata picha ya namna hiyo nyumba nzima iligeuka msiba, kisha picha iliyofuata ikaonyesha limepungua. Mkikutana na hali hiyo, muulizeni daktari kama ni athari ya mionzi na lini picha inarudiwa. Nenda na mtu wa tatu wa kuandika majibu, kwa sababu nyinyi wawili hamtasikia nusu ya maneno. Na tuandikie siku anayoanza, mke wangu ameshaweka jina la mumeo kwenye orodha yake ya asubuhi.