MREJESHO: Programu ya mizani ya zabibu iliyokuwa inazima kwenye risiti

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa wanaokumbuka: programu yangu ya Java ya kupimia zabibu, kwangu hapa Dodoma mjini ilikuwa inakubali, ikifika Hombolo inazima kila ikigusa risiti na kutema NoClassDefFoundError, yaani kosa la Java kuikosa klasi (kipande cha programu) inayoihitaji.

Yule aliyesema "angalia hiyo new yako" alipatia. Klasi ya printa niliiita kwa new, yaani kwa kuiandika moja kwa moja kwenye kodi, ilikuwepo wakati wa kukompaili (kugeuza kodi iwe programu), ila jar yake, faili linaloibeba, sikuibeba kwenda Hombolo. Na try-catch yangu, sehemu ya kudaka makosa, ilikuwa inadaka Exception tu, wakati hiyo ni Error, kundi jingine la makosa, ikapita pembeni.

Nimehamia Class.forName, inayopakia klasi kwa jina lake programu ikiwa inaendeshwa; jina la klasi linasomwa kwenye faili la mipangilio. Printa isipokuwepo nadaka ClassNotFoundException (kosa la klasi kutopatikana), uzito unahifadhiwa, na mama wa mizani anaandika risiti kwa mkono. Ile newInstance(), ya kuunda kitu kutoka kwenye klasi, ya kuita moja kwa moja kwenye Class nimeiacha, maana tangu Java 9 haipendekezwi. Napitia getDeclaredConstructor() kwanza, inayoleta konstrakta, sehemu ya klasi inayounda kitu.

Haikuwa mteremko lakini. Siku ya kwanza iligoma tena, nikahangaika mpaka daladala ya mwisho ikaniacha. Kumbe nyuma ya jina la klasi kwenye .properties, lile faili la mipangilio, kulikuwa na nafasi moja tupu, na Java haiiondoi yenyewe. Nimeweka trim(), inayoondoa nafasi tupu za mwanzo na mwisho. Kwa new, jina lililokosewa kompaila ingelidaka mapema.

Aliyeshauri kila klasi ipakiwe kwa jina, samahani mkuu, hapo sikukufuata. Printa tu inatosha. Asanteni sana.